Vijana wa Mkwaja na Hesabu ya Shule

Hukumu inayotolewa mara nyingi juu ya vijana wa mwambao wa Tanga ni kwamba hawana hamu ya kusoma: bahari iko mlangoni, mnazi unaangusha nazi, mji una ngoma na maulidi, na kijana aliyezungukwa na hayo yote hana kinachomsukuma ahangaike na vitabu. Hukumu hiyo ina umri mrefu, kwani watawala wa kikoloni waliwaita watu wa pwani wavivu kwa sababu walikataa kukata mkonge kwa ujira wa manamba, yaani vibarua wa mkataba, na baada ya uhuru imerithiwa na maofisa, na walimu, na hata baadhi ya wazazi wa pwani wenyewe, kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa. Ni hukumu yenye kosa, tena kosa lenye madhara, kwa sababu inaitafuta sababu ndani ya moyo wa kijana ilhali sehemu kubwa ya sababu hiyo imo katika njia anayoiona, au asiyoiona, kati ya darasa analokaa na maisha atakayoishi.

Mkwaja ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili. Ni kata ya Wilaya ya Pangani, kusini mwa Mto Pangani, katika ukanda unaoelekea Saadani, na katika karne ya 19 ilihesabiwa miongoni mwa bandari ndogo za Mrima, yaani pwani inayokabili Unguja, zilizofanya biashara na kisiwa hicho. Watu wake wanaishi kwa uvuvi, minazi, muhogo na biashara ndogondogo, huku sehemu kubwa ya ardhi iliyo nyuma yao ikiwa imepitia mikono isiyokuwa yao: tangu miaka ya 1950 hadi mwaka 2000 palikuwa na Ranchi ya Mkwaja, iliyoanzishwa na kampuni ya mkonge ya Amboni ili kupata nyama ya kuwalisha wafanyakazi wa mashamba, na ranchi hiyo iliposhindwa, baada ya miongo ya mapambano na mbung'o na ugonjwa wa nagana, ardhi yake iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Kijana aliyezaliwa hapo leo ana bahari mbele na hifadhi nyuma, na ajira za mshahara zinazotokana na vyote viwili zinadai vyeti.

Wanasaikolojia wanapozungumzia motisha, yaani nguvu inayomfanya mtu aanze jambo, alishikilie na alimalize, huitenganisha katika aina mbili. Motisha ya ndani ni ile inayotokana na jambo lenyewe, kama vile mtu anaposoma kwa sababu kusoma kunampendeza, na motisha ya nje ni ile inayotokana na kitu kinachofuata, kama mshahara, cheti, sifa au kukwepa fimbo. Wamarekani Edward Deci na Richard Ryan, waliochapisha kitabu chao kikuu mwaka 1985, walikwenda mbali zaidi ya mgawanyo huo kwa kuonyesha kwamba motisha inayodumu huhitaji mambo matatu: mtu ahisi kwamba uamuzi ni wake, ahisi kwamba anaweza, na ahisi kwamba yuko pamoja na watu anaowajali na wanaomjali. Nadharia yao, ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa nadharia ya kujiamulia, haisemi kwamba motisha ya nje ni mbaya. Inasema kwamba lengo la nje huweza kuwa la mtu mwenyewe iwapo ameelewa maana yake na kuikubali, na kwamba bila hayo matatu hata tunzo kubwa huchosha upesi.

Ukitaka kuona mambo hayo matatu yakifanya kazi pamoja katika mwambao wa Tanga, mahali pa kutazama ni madrasa. Watoto walewale wanaodaiwa kutopenda kusoma huamka alfajiri au hurudi jioni kukaa mkekani, wakajifunza herufi za lugha isiyo yao, wakahifadhi sura kwa sura kwa miaka kadhaa, bila ahadi ya mshahara wowote. Kinachowashikilia ni kwamba hatua zinaonekana, kwa kuwa kila juzuu linalomalizika linajulikana na mwanafunzi, mwalimu na mzazi. Ni kwamba anayehitimu anapokewa na jamaa na majirani kwa heshima ambayo hakuna ripoti ya shule inayoipata. Na ni kwamba mwalimu ni mtu wa mji uleule, anayemjua baba na mjomba wa mtoto. Hakika fimbo nayo imekuwa na nafasi yake katika madrasa nyingi, na si jambo la kusifiwa, lakini fimbo peke yake isingeweza kueleza uvumilivu wa namna hiyo, kwa maana shule ya serikali nayo haikukosa fimbo.

Shule ya sekondari, kwa upande wake, huvunja mojawapo ya mambo hayo matatu, yaani kuhisi kwamba unaweza, siku ile ile mwanafunzi anapoingia. Mtoto wa Mkwaja amezaliwa ndani ya Kiswahili, na kwa miaka yote ya shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, hesabu, biolojia na jiografia vinageuka kuwa vya Kiingereza, lugha ambayo hana anayezungumza naye nyumbani, sokoni wala pwani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, lakini tamko hilo halikufika madarasani. Matokeo yake kwa motisha ni mazito kuliko yanavyohesabiwa kwa kawaida. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza tangu mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake wa kutenda jambo fulani hujengwa zaidi na uzoefu wa kulifanikisha jambo hilo, na kijana aliyekuwa akijibu maswali darasa la saba, kisha akakaa kimya kidato cha kwanza kwa sababu hana maneno, anakusanya uzoefu wa kushindwa siku baada ya siku. Hapotezi hamu kwanza ndipo ashindwe. Anashindwa kwanza, na hamu hufuata.

Historia nayo inaipinga hukumu ya uvivu kwa namna iliyo wazi. Wajerumani walipofungua shule ya serikali mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, shule isiyokuwa ya misheni na iliyofundisha kwa Kiswahili, vijana wa pwani waliona mahali inakoelekea: ukarani, ualimu, ukalimani na utawala wa uakida, ambao ulimpeleka Mswahili msomi mpaka bara kuwatawala watu wasiokuwa wake. Kazi hizo zilikuwa karibu, zilijulikana, na zilidai lugha ambayo vijana walikuwa nayo tayari. Hali iligeuka chini ya Waingereza, walipokifanya Kiingereza kuwa ufunguo wa nafasi za juu huku sehemu kubwa ya shule zilizofundisha lugha hiyo ikiwa mikononi mwa misheni, ambako mzazi Mwislamu alikuwa na sababu ya haki ya kuhofia dini ya mwanawe. Hata hivyo waliopata mlango waliingia. Mshairi na mwandishi Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alianza kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926 na akahudumu Pangani miongoni mwa vituo vyake, na maisha yake ya utumishi yanaonyesha jinsi ukarani ulivyokuwa upeo wa kijana msomi wa pwani wa zama zile, hata kama kipawa chake kilikuwa kikubwa kuliko meza aliyokalia.

Kuhusu mkonge, jambo ambalo watawala waliliita uvivu lilikuwa uamuzi wenye hesabu. Mmea huo uliletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, ambapo kati ya miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, na mashamba ya mwanzo yalipandwa huko huko Pangani, Kikogwe. Mtu wa pwani aliyekuwa na shamba, minazi na chombo hakuona sababu ya kuuza siku zake kwa bei ya chini, ndiyo maana wenye mashamba walilazimika kuwaleta manamba kutoka nchi za mbali kama Songea, Kigoma na Ruanda-Urundi. Uzalishaji ulifika kilele cha takriban tani 230,000 katikati ya miaka ya 1960, kisha nyuzi za viwandani zikaipiga bei yake, na zao lililoitwa dhahabu ya kijani likaporomoka mbele ya macho ya kizazi kizima. Mzee wa Pangani aliyeshuhudia hayo ana haki ya kumwuliza mjukuu wake ni kazi gani hiyo anayoambiwa na shule kwamba itadumu.

Hapa ndipo linapoingia fundisho ambalo wapangaji wa elimu wa Afrika wamelisahau mara nyingi. Mwaka 1965 mtaalamu wa elimu Philip Foster, akiandika kutokana na utafiti wake nchini Ghana, alipinga imani kwamba vijana wa Kiafrika huchagua masomo ya darasani badala ya ufundi kwa sababu wamefundishwa kudharau kazi za mikono. Alionyesha kwamba vijana walikuwa na macho kuliko wapangaji: waliona kwamba cheti cha masomo ya kawaida ndicho kilichofungua kazi zenye malipo mazuri na usalama, kwa hiyo kwa mtazamo wao masomo hayo ndiyo yaliyokuwa ya kazi, na shule ya ufundi ndiyo iliyokuwa njia isiyofika. Miaka miwili baadaye, Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, andiko ambalo lilieleza kwa ukweli mchungu jinsi shule ya kikoloni ilivyomtenga mtoto na jamii yake, na likataka shule iwe na shamba na kazi, ili anayebaki kijijini asijione ameshindwa. Uchambuzi wa Mwalimu ulikuwa sahihi na unastahili kusomwa upya hata leo. Kilichokwama ni kwamba mtihani wa taifa uliendelea kupima yaleyale, na mshahara uliendelea kufuata mtihani, kwa hiyo mwanafunzi aliyelima shamba la shule kwa bidii hakupata kwa jembe hilo nafasi hata moja ya kidato cha kwanza.

Jambo hilo lilijirudia shule za sekondari zilipogawiwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu katika miaka ya 1970. George Psacharopoulos na William Loxley, waliolinganisha Tanzania na Colombia katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, hawakuona kwamba waliosoma michepuo hiyo walipata faida iliyo wazi katika soko la ajira kuliko wenzao wa masomo ya kawaida, ingawa kuwafundisha kuligharimu zaidi. Vijana hawakuwa wamekaidi sera. Walikuwa wameisoma.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo inayofanywa Mkwaja hadi leo, na kuna istilahi ya wachumi inayosaidia kuieleza, nayo ni gharama ya fursa, yaani thamani ya kile ambacho mtu anakiacha anapochagua kingine. Serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, lakini haikuweza kufuta gharama hii. Kijana wa miaka 16 anayeweza kushika kasia, kutega dema au kuvuta jarife hupata fungu lake siku chombo kinaporudi, na wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na miamba ikaonekana, hata mtoto mdogo hurudi na pweza wa kuuzwa; mwenzake mwenye bodaboda huhesabu fedha kila jioni. Dhidi ya fedha hizo zinazoonekana, shule inaweka ahadi ya mbali, na ahadi yenyewe imepungua nguvu, kwa sababu kijana anamjua kaka au dada aliyemaliza shahada ya ualimu na bado yuko nyumbani akisubiri ajira pamoja na maelfu wengine nchini. Ni kweli kwamba fungu la baharia si la kuaminika, kwamba kusi ikivuma kwa nguvu vyombo hukaa ufukweni, na kwamba samaki wa karibu wamepungua; hayo yote kijana anayajua kuliko anayemhutubia. Anachokosa ni kitu cha uhakika cha kulinganisha nacho.

Mwanaanthropolojia Arjun Appadurai aliandika mwaka 2004 kwamba kutamani maisha bora ni uwezo ambao watu hawakugawiwa sawa. Mtoto wa mwenye nacho hutamani udaktari na pia anazijua hatua zake, nani wa kumwuliza, mtihani gani ni wa lazima, na kosa gani linasahihishika. Mtoto wa maskini huweza kuutamani udaktari uleule kwa nguvu ileile, lakini kati ya hapo alipo na huko anakotaka hana vituo anavyovijua. Ukiwauliza wanafunzi wa vijiji vingi vya pwani wanataka kuwa nani, majibu hujirudia: mwalimu, muuguzi, askari. Hizo ndizo kazi za mshahara ambazo mtoto wa kijijini huziona zikitendwa, na orodha hiyo ni fupi kwa sababu kijiji kinaonyesha chache.

Kwamba kuona na kujua hubadilisha bidii si dhana tu. Mwanauchumi Robert Jensen, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, aliwaeleza wavulana wa Jamhuri ya Dominika tofauti halisi ya kipato kati ya waliosoma na wasiosoma, tofauti waliyokuwa wakiikadiria kuwa ndogo mno, na katika miaka minne iliyofuata walioelezwa walisoma kwa wastani wa miaka 0.20 hadi 0.35 zaidi ya wenzao. Karibu zaidi na kwetu, katika Bahari hii hii ya Hindi, Trang Nguyen alifanya jaribio katika shule za Madagascar, na katika andiko lake la mwaka 2008 akaonyesha kwamba mtu aliyefanikiwa akiletwa kuzungumza na wanafunzi, alama za watoto maskini zilipanda pale mgeni huyo alipokuwa ametoka katika umaskini kama wao, lakini hazikupanda alipokuwa ametoka katika nyumba ya wenye uwezo. Matokeo haya yanapaswa kuwafikirisha wote wanaoandaa mahafali kwa kumwalika mgeni rasmi kutoka mjini. Mhitimu wa Pangani anayefanya kazi ya kawaida mahali fulani, akirudi likizo na kueleza kinagaubaga alijaza fomu gani na alilala wapi mwaka wa kwanza, huenda ana faida kubwa kuliko kiongozi mwenye hotuba ndefu.

Njia inayokosekana inaumiza zaidi inapohusu elimu ambayo kijana anayo tayari. Kijana aliyelelewa chomboni anajua mikondo, pepo, miamba, misimu ya samaki na tabia za kasa wa kijani wanaotaga katika fukwe za Madete, ndani ya hifadhi. Ni maarifa ya kweli, yaliyopatikana kwa miaka ya kufuatana na nahodha, kwa utaratibu wa kufunzwa kazi kwa kuitenda ambao pwani imekuwa nao kabla ya shule yoyote ya Kizungu. Lakini ili aajiriwe kulinda wanyamapori au kuwaongoza watalii, na ili apokewe katika Chuo cha Mweka mkoani Kilimanjaro, kilichoanzishwa mwaka 1963, au katika chuo cha uvuvi cha Mbegani, Bagamoyo, maarifa hayo hayahesabiki. Kinachohesabika ni ufaulu wa kidato cha nne, hasa katika sayansi zilizofundishwa kwa lugha iliyomnyamazisha. Zipo taratibu za mamlaka ya ufundi stadi za kuutambua na kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya shule, ambapo fundi hupimwa kwa vitendo na kupewa cheti, na ni taratibu njema, ila zinazungumzwa zaidi kwa mafundi ujenzi, magari na upishi kuliko kwa mabaharia. Kuzifikisha pwani ya Pangani kungegharimu kidogo kuliko kujenga karakana mpya.

Kwa wasichana hesabu ina mafungu mengine. Umbali wa shule ya kutwa ni hatari pamoja na kuwa uchovu; uamuzi hufanywa na baba, mjomba na shangazi kabla ya kumfikia mwenyewe; na mimba, ambayo hadi Novemba 2021 ilimfungia msichana mlango wa shule ya serikali, sasa kwa mujibu wa waraka wa serikali haimfungii, ingawa waraka haumpikii mtoto wala haumlei mama yake anapokuwa darasani. Ni vyema kusema waziwazi kwamba pale bweni linapojengwa karibu na shule, mjadala wa hamu ya wasichana kusoma hupungua wenyewe.

Kufuata njia ya mwanafamilia, kwa upande mwingine, kusichukuliwe kuwa ni kukosa uhuru. Nadharia nyingi za uchaguzi wa kazi zimeandikwa katika jamii ambazo kijana huchagua kwa ajili yake mwenyewe, na wasomaji wake wa Afrika Mashariki huzinakili pamoja na dosari hiyo. Kijana wa Mkwaja anayekwenda Tanga au Dar es Salaam kwa sababu mjomba ana nafasi ya kumweka, na anayetuma fedha nyumbani mwezi wa kwanza, amejiamulia kwa maana kamili ya neno hilo iwapo anaukubali wajibu huo. Deci na Ryan wenyewe walitofautisha kujiamulia na kujitenga.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta tena swali la Foster mezani. Kuanzia Januari 2024 sekondari ina mikondo miwili, mkondo wa jumla na mkondo wa amali, ambapo amali ni masomo ya kazi kama kilimo, ufundi na utalii yanayofundishwa pamoja na ya kawaida, na katika mwaka huohuo tahasusi za kidato cha tano, yaani michanganyiko ya masomo matatu anayochagua mwanafunzi, zimepanuliwa hadi 65. Nia ni njema. Hata hivyo uchaguzi mwingi bila mshauri huwa mzigo, na fomu ya uchaguzi katika shule ya kata hujazwa mara nyingi kwa kuiga rafiki au kwa kufuata somo ambalo mwalimu wake yupo. Amali nayo itaaminika kwa kadiri itakavyokuwa amali ya mahali: ushonaji na useremala vina nafasi yao, lakini kata yenye bahari, hifadhi, na barabara ya lami inayojengwa kutoka Tanga hadi Bagamoyo kupitia Saadani, yenye kilomita 256 pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani, inahitaji injini za boti, uhifadhi wa samaki kwa baridi, kilimo cha mwani, uongozaji wa watalii na matengenezo ya vyombo. Barabara hiyo itakapokamilika italeta magari ya samaki, mahoteli na wanunuzi wa ardhi kwa mpigo, na waajiri hawatangoja vijana wajiandae.

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa mikondo hii miwili watafanya mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa mwaka 2027. Vijana walio nyuma yao hawatasoma sera. Watatazama ni wangapi kati ya wale wa amali waliopokewa Mbegani, Mweka na katika vyuo vya ufundi kwa cheti chenye uzito sawa na cha wenzao, na ni nani aliyeajiriwa hifadhini na kwenye mahoteli, mtoto wa Mkwaja au mgeni aliyeshuka na basi. Halmashauri, ambayo sheria inaitaka itenge asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vijana, na hifadhi, ambayo mpaka wake unapita mlangoni mwa kata, zina muda huo wa kuandaa nafasi za mafunzo ya vitendo na kuzitangaza kwa majina ya kazi, masharti na malipo, shuleni, msikitini na kwenye diko la samaki.